Kabla hujalaumu Kiingereza cha dereva, angalia kwanza vibao vya Marekani vimetoka wapi

Tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva wa lori Marekani akisimamishwa na mkaguzi na ikaonekana Kiingereza hakipandi, anaweza kuambiwa zima gari, paki pembeni, huendeshi tena mpaka mambo yakae sawa. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva wetu walioko huko, Wakongomani wa Des Moines na Louisville, Wakenya wa Dallas, Wabongo wa Columbus, habari hii imezunguka mpaka imechakaa, na kama kawaida kila anayeipokea anaongeza chumvi yake kabla ya kumrushia mwenzake. Kuna wanaokwambia ni sheria mpya kabisa, imetungwa ili wageni watoke kwenye malori. Kuna wanaosema acheni kulialia, mtu asiyeweza kusoma kibao cha barabarani atakuja kutuulia watoto. Mimi naona wote wameruka kitu ambacho kimo ndani ya ukaguzi wenyewe, maana ukaguzi una hatua mbili: kwanza mkaguzi anakuhoji kwa Kiingereza, bila mkalimani, bila kikaratasi cha kusaidia, bila simu ya kutafsiri, halafu ukivuka hapo anakupima kwenye alama za barabarani umwambie zinamaanisha nini. Hapo kwenye alama ndipo nataka tukae leo.

Hoja yangu ni hii. Marekani ni nchi ambayo vibao vyake vya barabarani vimejaa maneno kwa sababu ilichagua hivyo, na ilichagua zaidi ya mara moja, wakati yenyewe ilianza na mfumo ambao haukuhitaji mtu ajue kusoma hata kidogo. Ukipitia vibao vya zamani, vile vya ajabu ajabu ambavyo siku hizi watu wanaviuza kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, unaona kabisa njia panda walipokata kona. Kwa hiyo huu ugomvi wa leo unaoitwa wa lugha, au wa wahamiaji, nusu yake ni deni la wabunifu wa karne iliyopita na anayedaiwa sasa hivi ni dereva.

Kwanza tumalize hili la sheria mpya maana linapotosha. Sharti la dereva wa lori kujua Kiingereza cha kutosha kuongea na watu, kuelewa alama, kumjibu afisa na kujaza makaratasi ya safari limekuwepo kwenye kanuni za serikali kuu ya Marekani tangu miaka ya 1930. Kilichobadilika ni makali. Mwaka 2016 mamlaka inayosimamia usalama wa malori iliwaambia wakaguzi wasimshushe mtu barabarani kwa kosa hilo peke yake, unaandikiwa unaendelea na safari yako. Tarehe 28 Aprili 2025 Rais Trump akasaini amri ya kurudisha makali, tarehe 20 Mei Waziri wa Uchukuzi Sean Duffy akatoa maelekezo, na mwezi Juni ikaanza kung'ata, isipokuwa kwenye ukanda wa biashara wa mpakani na Mexico ambako kosa linaandikwa lakini dereva hashushwi. Huo msamaha wa mpakani peke yake unakuonyesha kwamba hata wao wanajua mizigo lazima itembee. Haya, turudi kwenye vibao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali haikuwa na habari na vibao, walioweka ni vilabu vya wenye magari na wafanyabiashara waliotaka wateja wapite mjini kwao. Kila njia ndefu ilikuwa na jina na rangi zake. Yellowstone Trail, iliyoanzishwa South Dakota mwaka 1912, ilitambulika kwa mawe yaliyopakwa rangi ya njano pembeni ya njia, ndio, mawe tu, unaona jiwe la njano unajua hujapotea. Lincoln Highway ya mwaka 1913, iliyotoka New York mpaka San Francisco, ilizungushia nguzo mistari mitatu, nyekundu, nyeupe na bluu, na herufi L katikati. Mtu asiyejua hata kuandika jina lake angeweza kuvuka bara zima akifuata rangi. Shida ilikuwa ni fujo, njia mbili tatu zilipita barabara moja na nguzo moja ikabeba mistari ya kila klabu, halafu klabu nyingine zilikuwa za matapeli wanaochangisha hela hotelini na rangi yenyewe hawarudii kupaka. Ndipo mwaka 1926 umoja wa idara za barabara za majimbo ukapitisha namba: shufwa zinakwenda mashariki na magharibi, witiri zinakwenda kaskazini na kusini, na kibao chake kikawa bati lililokatwa kwa umbo la ngao, jina la jimbo juu na namba chini yake. Watu walinung'unika sana kwamba majina yao mazuri yamegeuzwa tarakimu. Lakini angalia namba ilichofanya, iliondoa haja ya kusoma jina. Tarakimu 66 anaisoma Mmarekani, anaisoma Mkongomani, anaisoma mtoto wa darasa la kwanza.

Kwenye vibao vya hatari walifanya kitu cha akili zaidi. Kibao cha kusimama kinachotajwa kuwa cha kwanza kiliwekwa Detroit mwaka 1915, kibati cha mraba cha futi mbili kwa mbili, herufi nyeusi juu ya nyeupe, hakina cha kujivunia. Halafu mwaka 1922 maafisa watatu wa barabara kutoka Minnesota, Wisconsin na Indiana wakazunguka majimbo kadhaa kuangalia wenzao wanaweka nini, na mwaka 1923 umoja wa idara za barabara za bonde la Mississippi ukaja na mpango wa maumbo. Mantiki yake ilikuwa kwamba kadiri umbo linavyoongezeka pembe ndivyo hatari inavyopanda. Duara, ambalo ukitaka unaweza kulihesabu kuwa na pembe zisizoisha, likapewa reli, maana waliona hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Pembe nane zikapewa mahali pa kusimama kabisa. Mraba uliosimamishwa kwa kona ukawa wa kona kali, miteremko na vitu vya namna hiyo, na mstatili ukabaki kwa maelekezo ya kawaida. Sababu nyingine ya maumbo ilikuwa giza. Enzi hizo taa za gari zilikuwa hafifu na vibao havikuakisi mwanga, kwa hiyo usiku maandishi hayakuwa na faida kubwa, ila kivuli cha bati lenye pembe nane unakiona dhidi ya anga na mguu unaenda kwenye breki. Yaani hawa watu waliketi wakajiuliza dereva asiyeweza kusoma kibao, kwa giza au kwa lolote lile, atajuaje? Na wakapata jibu zuri ambalo mpaka leo linafanya kazi.

Rangi nayo ina kisa chake ambacho wengi hawakijui. Kwa miaka kama 30 kibao cha kusimama cha Marekani kilikuwa cha njano, maandishi meusi, na ukimwonyesha mtu leo atakwambia umekitengeneza kwa kompyuta. Nyekundu waliitaka tangu zamani kwa sababu taa za barabarani zilishakuwa nyekundu na reli ilikuwa inaitumia kwa hatari, ila hawakuwa na rangi nyekundu inayoweza kukaa juani miaka bila kufifia. Njano ilivumilia na ilionekana vizuri zaidi jioni. Ilipopatikana enameli nyekundu isiyochuja, marekebisho ya mwaka 1954 ya kitabu chao cha alama, kile kinachoitwa MUTCD, yakabadilisha kibao kuwa chekundu chenye maandishi meupe. Nakisema hiki kwa sababu kuna watu wanapenda kusimulia vibao vya zamani kama vile wazee walikuwa na ladha ya ajabu. Hapana bwana, karibu kila kitu cha ajabu utakachokiona kwenye vibao hivyo ni jibu la tatizo la vifaa. Vile vitufe vya kioo vilivyopachikwa ndani ya herufi, ambavyo baadaye vikawa vya plastiki na California wakavipenda kuliko majimbo mengine, vilikuwepo kwa sababu karatasi nzuri ya kuakisi mwanga ilikuwa bado haijawa rahisi. Wakati wa vita kuu ya pili wakatoa toleo la dharura la mwaka 1942 la kubana matumizi ya chuma, vibao vikatengenezwa kwa mbao na vitu vingine. Kila zama na dhiki yake.

Sasa maneno yaliingiaje? Ulaya walikuwa na tatizo ambalo Marekani haikuwa nalo, ukiendesha siku moja unavuka mpaka na lugha inabadilika. Kwa hiyo mwaka 1909 kule Paris nchi kadhaa zilikubaliana alama nne za picha: tuta, kona, njia panda na reli. Kutoka hapo ukaendelea mkondo uleule mpaka mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao ndio ulioeneza pembetatu yenye ukingo mwekundu kwa onyo na duara lenye ukingo mwekundu kwa katazo. Dereva aliyejifunzia Dar au Mombasa anazijua hizo maana na sisi tulirithi ukoo huohuo kupitia Waingereza. Marekani haikusaini mkataba huo. Ilikuwa nchi kubwa kama bara yenye lugha moja kuu, mhandisi akitaka kumwambia dereva jambo anaandika tu. Gharama ya kuandika ni ndogo, rangi kidogo na bati refu zaidi, na gharama ya kusoma anaibeba mwingine.

Halafu zikaja barabara za Interstate, yaani barabara kuu za mwendo kasi zinazounganisha majimbo, na zikaongeza uzito upande wa maandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walifanya jaribio huko Greenbelt, Maryland, kwenye kipande cha barabara ambacho kilikuwa bado hakijafunguliwa, madereva mamia wakapitishwa kwa mwendo wa maili 65 kwa saa mbele ya mabango ya rangi tatu yaliyoandikwa majina ya miji ya kubuni, Metropolis na Utopia. Asilimia 58 wakapenda kijani, 27 bluu, 15 nyeusi, na ndiyo maana mabango ya haiwei ni ya kijani mpaka leo, ingawa mkuu wa barabara wa wakati huo, Bertram Tallamy, alikuwa anataka bluu na mwenyewe haoni rangi vizuri, hiyo sehemu huwa inanichekesha. Lakini kilichopimwa pale ni rangi. Kwamba bango litakuwa la kusomwa, hilo lilishakubalika kabla ya jaribio kuanza.

Na kusoma kwa mwendo huo si kazi ndogo. Maili 65 kwa saa ni kama mita 29 kila sekunde. Kanuni yao ya sasa inahesabu kwamba inchi moja ya urefu wa herufi inasomeka kutoka futi 30, kwa hiyo kibao chenye herufi za inchi 8 unaanza kukisoma ukiwa futi 240, kama mita 73. Gawanya mwenyewe, una sekunde mbili na nusu, na ndani ya hizo unatakiwa uangalie kioo, uangalie gari la mbele, na usome sentensi. Aliyezaliwa na Kiingereza anakiona kibao kama picha, hasomi herufi moja moja. Aliyejifunza ukubwani anasoma. Hapo ndipo tofauti inapokaa, na somo la sarufi haliwezi kuiondoa.

Mwaka 1971 Marekani ilijaribu kurudi kidogo upande wa picha. Toleo la mwaka huo la kitabu likaleta alama nyingi za michoro, duara jekundu lenye mkato, umbo la pembe tano kwa shule, na kibao cha kupisha kikageuka kuwa chekundu na cheupe. Hicho cha kupisha kina historia fupi tamu: kilianzia Tulsa, Oklahoma, mwaka 1950, mbunifu wake akiwa askari polisi anayeitwa Clinton Riggs, na mwanzoni kilikuwa cha njano na kimeandikwa maneno manne, YIELD RIGHT OF WAY. Baadaye likabaki neno moja. Leo ukilifuta hata hilo moja, pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini inaeleweka yenyewe, madereva wa kwetu wanaitii kila siku, au tuseme wale wanaotii. Ila mwaka 1971 walipoleta picha waliweka chini yake vibati vya maneno eti watu wazoee kwanza, na kwenye mambo mengi hawakuendelea zaidi ya hapo. Walikuwa pia wameanza kuzungumza habari za kuhamia kilomita, nayo ikafa njiani, masalia yake yapo Arizona kwenye Interstate 19 kati ya Tucson na Nogales, umbali umeandikwa kwa kilomita na mwendo kwa maili, na serikali ilipotaka kubadilisha wenye biashara za pale wakagoma maana matangazo yao yote yanataja namba za kutokea za kilomita.

Mfano unaonishawishi kuliko yote unatoka California. Miaka ya 1980 watu waliokuwa wakivuka mpaka kwa miguu walikuwa wanagongwa na kufa kwenye Interstate 5, karibu na San Diego. Idara ya barabara ikaweka kwanza kibao cha maneno matupu kikiwaonya madereva kuwa kuna watu wanavuka. Wenye magari hao walikuwa Wamarekani wanaojua Kiingereza kuliko mkaguzi yeyote, na kibao hakikuwaingia, mtu anayetoka mjini kwa kasi hawezi kufikiria kuna familia inakatiza barabara ya njia nane. Mwaka 1990 mchoraji wa idara hiyo, John Hood, Mnavajo aliyepigana vita vya Vietnam, akachora kivuli cha baba, mama na binti wanakimbia, nywele za binti zinapepea nyuma, juu yake neno moja tu la tahadhari. Kile kibao kila mtu alikielewa. Kiligeuka kuwa vita vya siasa, kikachapishwa kwenye fulana, kila upande ukakitumia kwa yake, na kufikia 2018 vyote vilikuwa vimeshaondoka barabarani kwa sababu uvukaji wa pale ulikuwa umepungua na uzio umewekwa katikati. Kama kazi ni kumfanya dereva aelewe kwa sekunde mbili, mwenye lugha yake na asiye nayo walishindwa pamoja kwenye maneno na wakaelewa pamoja kwenye picha.

Sasa tupime hoja za watu. Wanaotetea ukaguzi wana hoja moja nzito na sitaki kuipita haraka. Vibao vya umeme vinavyobadilika haviwezi kuwa picha tupu. Mbele kuna ajali, njia mbili za kulia zimefungwa, malori yote yatoke kwenye tokeo fulani, upepo mkali gari tupu zisipite, hayo yanaandikwa papo hapo na anayeandika hana muda wa kuchora. Dereva aliyebeba kemikali anayeshindwa kusoma hivyo ni hatari kweli, kwake na kwa wengine, na maelekezo ya 2025 yametaja vibao hivyo waziwazi. Wanataja pia ajali ya Florida ya Agosti 2025, ambapo trela iligeuza kwenye barabara ya Turnpike sehemu iliyotengwa kwa magari ya serikali tu na watu watatu wakafa. Dereva alishtakiwa, na wizara ikasema alipopimwa baadaye alitambua alama moja tu kati ya nne. Hilo ni zito na mtu mwenye akili hawezi kulicheka. Ila naomba tuliangalie vizuri: huyo mtu alikuwa na leseni ya malori, alifaulu mtihani mahali fulani mbele ya mtu fulani. Kama hajui alama tatu kati ya nne, swali la kwanza linakwenda kwa aliyempa leseni, maana mkaguzi wa barabarani anakutana na dereva mmoja mmoja kwa bahati.

Hoja dhaifu kwa upande huo ni ile inayosema ukijua Kiingereza basi vibao umevimaliza. Kaongee na mtu aliyemaliza shahada yake Nairobi kwa Kiingereza safi halafu akaanza kuendesha Ohio. XING anaitafuta kwenye kamusi haipo, kumbe wamekata neno la kuvuka ili litoshe kwenye bati. HOV, yaani njia ya magari yaliyobeba zaidi ya mtu mmoja, hajui ni nini. Na maneno yaliyochorwa kwenye lami yanapangwa kutoka chini kwenda juu, neno la kwanza linakuwa karibu na gari, kwa hiyo anayesoma kama alivyofundishwa shuleni anaona AHEAD juu na STOP chini na anajiuliza hawa wamelewa. Hayo ni mazoea ya ufundi ya watu fulani, na mwenyeji anayajua kwa sababu amekua akiyaona kwenye kiti cha nyuma cha gari la mama yake.

Lakini hoja dhaifu kuliko zote ni ya upande wetu, na inabidi isemwe maana ndiyo inayowaponza watu. Inasema alama za barabarani ni lugha ya dunia nzima, dereva aliyeendesha Kongo au Kenya miaka mingi hana cha kujifunza. Sio kweli, na historia niliyoisimulia ndiyo inayoonyesha kwa nini. Pembetatu nyekundu ya onyo uliyoizoea haipo kule, onyo ni mraba wa njano uliosimama kwa kona. Kikomo cha mwendo hakiko kwenye duara jekundu, ni mstatili mweupe umeandikwa maneno, tena kwa maili. Makatazo mengi ya malori yako kwenye mistatili myeupe ya maandishi ambayo kwa jicho la Mwafrika Mashariki yanaonekana kama tangazo la kawaida tu. Jamaa yangu mmoja anayeendesha trela Iowa aliniambia kilichomsumbua mwanzoni ni kwamba vibao muhimu havikuonekana muhimu. Na picha zenyewe nazo haziko wazi moja kwa moja, Wamarekani waliwahi kuwa na mchoro wa kuonyesha lami inaishia mbele, watu hawakuuelewa, mwishowe wakautoa wakabaki na maneno. Kila alama inafundishwa. Anayesema picha hazihitaji shule hajawahi kumuuliza dereva mpya.

Ukichukulia hivyo, mambo kadhaa yanafuata. Marekani ina toleo jipya la kitabu chake, la 11, lililotoka Desemba 2023 na majimbo yakapewa mpaka Januari 2026 kulipokea, zaidi ya kurasa 1,000, na bado mzigo mkubwa wa makatazo ya malori umebaki maandishi. Nchi inayotangaza kwamba maandishi hayo ni suala la kufa na kupona ilikuwa na nafasi ya kuyapunguza. Isitoshe pembe nane walizobuni wenyewe zimewathibitishia kwamba inawezekana: Mexico kibao hichohicho kimeandikwa ALTO, Quebec kimeandikwa ARRÊT, na dereva wa Texas akifika huko anasimama bila kuuliza, hata mkataba wa Vienna ambao hawakuusaini ulilipokea umbo hilo. Walitoa kitu bora duniani halafu nyumbani wakaendelea kuandika barua barabarani.

Huku kwetu nako tuangalie tunakoelekea. Mkandarasi akifunga njia anasimamisha bati limeandikwa DIVERSION AHEAD, na anayepita pale usiku ni bodaboda, mkulima na toroli yake, dereva wa daladala ambaye Kiingereza alikiacha darasa la saba. Mshale mkubwa ungetosha. Tunaiga kasoro ya Wamarekani bila hata kuwa na kisingizio chao cha lugha moja.

Na kwa madereva walioko kule, madarasa ya Kiingereza yanayofunguliwa makanisani na misikitini ni mazuri ila mengi yanaanza na salamu na habari za familia. Hatua ya pili ya ukaguzi inataka kitu kingine. Anza na mfumo wenyewe: njano ni onyo, chungwa ni matengenezo, nyeupe ni amri, kijani ni mwelekeo, bluu ni huduma, kahawia ni mbuga na vivutio, na umbo linakwambia uzito wa jambo kabla hujafika kwenye herufi, vilevile kama ule mpango wa maumbo wa 1923. Kitabu chote kiko bure mtandaoni na michoro yake yote. Yakibaki maneno ya vibao vya umeme hapo hakuna ujanja, ni kukariri, na ni machache kuliko watu wanavyoogopa: DETOUR, CLOSED, MERGE, EXIT, CRASH AHEAD, ALL TRUCKS, na ukielekea milima ya Colorado au Wyoming wakati wa baridi, CHAINS REQUIRED, ambalo hata ukilisoma vizuri bado unatakiwa uwe umeshafundishwa kuvalisha tairi minyororo, na aliyejifunzia kazi njia ya Mombasa mpaka Malaba hajawahi kuigusa.